Na Mkewe

"Nimesahau miwani nyumbani," alisema Mama Mwiko, kama alivyozoea kusema benki, hospitalini na mbele ya kila meza yenye karatasi.

Siku hiyo haikumsaidia. Mwalimu, mama mzazi wa bwana harusi, alivua miwani yake, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akamwekea kiganjani.

"Chukua yangu, mkwe. Mimi na wewe umri wetu mmoja, hata macho hayatapishana sana."

Walikuwa dukani kwa mchapaji, chumba chembamba chenye harufu ya wino. Juu ya kaunta palikuwa na karatasi moja tu, sampuli ya kadi ya harusi ya watoto wao. Mchapaji, mwanamume mfupi mwenye vidole vilivyokolea bluu, alisubiri na kalamu mkononi. Alikwisha kusema mara mbili kwamba mashine ikianza haisimami, na kadi mia tatu zikitoka zimetoka.

Mama Mwiko akaivaa miwani. Herufi zikavimba, zikakolea weusi, zikamkodolea macho zote kwa pamoja. Hakuna hata moja iliyofungua mdomo.

Hakujua kusoma. Jambo hilo lilijulikana kwa watu wawili tu, yeye na mumewe. Alikuwa mpishi wa shule, mwaka wa kumi na tisa sasa, na wanafunzi ndio waliompa jina hilo la Mama Mwiko. Watoto mia nne walipita mbele ya dirisha lake kila mchana, na hata yule mdogo kuliko wote aliweza jambo ambalo yeye hakuliweza. Mumewe, dereva wa lori la masafa, ndiye aliyemfundisha kuchora jina lake ili atie sahihi siku alipoajiriwa. Barua ikija, anasoma mume. Fomu ikija, anajaza mume. Lakini siku hiyo mume alikuwa safarini, na binti yao, muuguzi, alikuwa zamu. Isitoshe, maharusi wenyewe walikwisha kuamua: shughuli ni ya familia zote mbili, kila upande unabeba nusu, basi kadi waachiwe mama wawili waelewane.

"Pale juu nimepunguza maneno kidogo," alisema Mwalimu. "Yale tuliyokubaliana kikaoni yalikuwa mengi, kadi ikawa kama tangazo la mkutano. Wewe soma taratibu. Ukiona halijakaa, sema, bado hatujachapa."

Mama Mwiko alishusha macho mstari kwa mstari, kwa mwendo aliouona kwa watu wanaosoma. Alipofika chini alitulia kidogo, kwa sababu wanaosoma hutulia kidogo wakimaliza.

"Imekaa vizuri."

"Una hakika? Sitaki kesho na keshokutwa tulaumiane."

"Mkwe, nimeshasema. Imekaa vizuri."

Mchapaji akamsogezea kalamu. Mama Mwiko akatia sahihi, herufi zake za mviringo zikapangana kama vikombe kabatini. Mwalimu akazitazama, akasema kwa moyo mweupe kabisa, "Una mwandiko mzuri."


Kadi zililetwa Alhamisi alasiri, ndani ya boksi lililofungwa kamba. Nyumbani alikuwepo wifi yake Mama Mwiko, mshona mapazia, dada mkubwa wa mumewe. Alikuja kusaidia kupanga orodha ya wageni na alikuwa amekwisha kuwafuta wanne aliokuwa na ugomvi nao. Binti alirudi kutoka zamu, hata viatu hakuvua, akakata kamba kwa meno.

"Dhahabu!" alisema. "Mama, hukuniambia kama maandishi ni ya dhahabu."

Akaanza kusoma kwa sauti, akitabasamu. Alisoma jina la baba mkwe wake. Alisoma la mama mkwe, na neno Mwalimu limetangulizwa mbele. "Kwa niaba ya familia zote mbili, wanayo furaha kukukaribisha kwenye harusi ya kijana wao mpendwa..." Hapo tabasamu likaanza kupungua. Akalisoma jina la mchumba wake. Kisha akasogeza kadi karibu, maana herufi zilizofuata zilikuwa ndogo. Alisoma jina lake mwenyewe, na baada yake: "binti wa Bwana..." Akalitaja jina la baba yake. Akanyamaza.

"Malizia," alisema wifi mtu.

"Na mkewe."

"Na nani?"

"Imeandikwa hivyo, shangazi. 'Na mkewe.' Basi, imeishia hapo."

Mshona mapazia alinyanyuka kwenye kochi. "Mkewe! Mkewe nani? Hata mbuzi wa jirani ana jina! Kwani sisi tumeokotwa? Nusu ya ukumbi tumelipa sisi, nusu ya chakula sisi, halafu tunaalikwa kwenye harusi yetu kama wapita njia!"

Binti hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama mama yake, aliyesimama mlangoni na sinia la chai. "Mama, kikaoni tulikubaliana majina manne, juu, yamelingana. Ulisema umeisoma. Ulisema imekaa vizuri."

Sinia lilikuwa zito ghafla. Mama Mwiko angeweza kusema ukweli pale pale, na mara nyingi baadaye alijiuliza kwa nini hakusema. Lakini mbele yake alisimama wifi ambaye kwa miaka ishirini na sita alimsaka kosa, na mtoto aliyevaa sare nyeupe ambaye tangu akiwa mdogo aliamini mama yake anajua kila kitu.

"Hii siyo niliyoisoma," alisema.

Maneno yakatoka, na kama kadi za mchapaji, yakitoka yametoka.

"Nilijua!" wifi alipiga kofi. "Nilijua tangu siku ile yule mwanamke anakaa kwangu na kufuta kiti kwanza! Wamebadilisha! Wamekuonyesha nyingine, wakachapa nyingine. Lete simu."

Alimpigia mchapaji, akamwita mwizi. Kisha akamtaka binti ampigie mchumba wake, mpimaji ardhi, kijana mpole ambaye hata akitukanwa huanza kwa kuomba radhi. Safari hii hakuomba. Mama Mwiko, aliyejifanya anakoroga sukari, aliisikia sauti yake kwenye spika: "Unataka kusema mama yangu ni tapeli?"

"Nataka kusema mama yangu ana jina," alijibu binti, akakata simu.


Mama Mwiko alimpigia mumewe akiwa amejifungia jikoni. Nyuma ya sauti yake lori lilikuwa likinguruma, halafu likazimwa.

"Ulikuwa peke yako pale dukani?" aliuliza baada ya kusikiliza.

"Peke yangu."

"Ukatia sahihi."

"Nikatia."

Mume alivuta pumzi ndefu. Hakuwa mtu wa kulaumu, na siku hiyo Mama Mwiko alitamani angekuwa. "Basi usilie. Shikilia hapo hapo. Jumapili nitakuwa nimefika, waite wote wakae. Mimi nitasema yule mchapaji namfahamu, si mtu wa kuaminika, alishawahi kunifanyia hivyo."

"Humfahamu, baba watoto."

"Nitamfahamu Jumapili. Unataka nini? Unataka dada yangu akujue? Atakuimba mtaa mzima."

Mama Mwiko alitazama mlango aliokuwa ameufunga. Alijua wifi yake ana sauti nzuri ya kuimba mambo ya watu.


Ijumaa, baada ya kuosha masufuria, miguu yake ilimpeleka kwa mchapaji bila yeye kuipa ruhusa. Mashine ilikuwa imezimwa. Mchapaji alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na alipomwona akasimama haraka, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake.

"Shikamoo, mama. Karibu. Afadhali umekuja mwenyewe."

"Marahaba."

Alifungua droo, akatoa ile sampuli. Akailaza kando ya kadi iliyochapwa, akafuata mistari kwa kidole chake cha bluu. "Tazama. Neno kwa neno. Nukta kwa nukta. Sahihi yako hii hapa. Mimi sisemi wewe mwongo, mama, Mungu apishe mbali. Nasema tu nionyeshe nilipokosea, nijue."

Mama Mwiko alitazama karatasi zile mbili. Kwake zilifanana kama karatasi zozote mbili duniani.

"Yule wifi yako amepita hapa asubuhi," aliendelea mchapaji. "Kulikuwa na watu wa shule wamekuja na kazi ya vyeti. Amesema mbele yao nabadilisha maandishi ya watu. Wameondoka na kazi yao." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ingekuwa nafuu. "Sina mshahara mahali, mama. Nina jina tu."

"Jumapili kuna kikao," alisema Mama Mwiko. "Uje. Uje na hiyo karatasi."

"Utanitetea?"

Alifunga mtandio wake upya, ingawa haukuwa umelegea. "Uje tu," alisema, akatoka.


Jumapili mchana sebule ilijaa, ingawa watu walikuwa saba tu. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha peke yake, mkoba magotini, mgongo haujagusa kiti. Mumewe, mkandarasi mstaafu, hakuja; miguu ilimsumbua, na pengine na hasira. Bwana harusi alikaa mkono wa kulia wa mama yake, bibi harusi kushoto kwa shangazi yake. Maharusi hao walikuwa hawajazungumza tangu Alhamisi, na kila mmoja alikuwa ameitazama sakafu kiasi cha kuweza kuichora. Mchapaji alikaa kwenye stuli karibu na mlango. Dereva, aliyefika asubuhi hiyo, macho mekundu kwa barabara, alikaa karibu na mkewe, bega kwa bega.

Soda zilifunguliwa, hakuna aliyekunywa.

"Mimi sitazunguka," alianza wifi mtu. "Kama jina la wifi yangu ni aibu kwenye kadi, hata mtoto wake ni aibu kwenye nyumba yenu. Abaki kwao. Hatujashindwa kumlisha."

"Shangazi, taratibu," alisema bwana harusi.

"Taratibu ya nini? Mama yako amebadilisha karatasi!"

Mwalimu aliweka mkoba chini. "Miaka thelathini na moja nimefundisha," alisema. "Nimeitwa mkali, nimeitwa mwenye maringo, na labda ni kweli. Mwongo sijawahi kuitwa. Maneno nimeyapunguza mimi, sikatai. Nilitaka kadi ipendeze, na nilikosa busara, sikupaswa kugusa la kikaoni. Lakini nilimwambia mkwe mbele ya huyu kaka: soma taratibu, ukiona halijakaa, sema. Nikampa na miwani yangu mwenyewe. Mkwe, ni uongo?"

Kila mtu akamgeukia Mama Mwiko. Mumewe akakohoa.

"Ngojeni kwanza," alisema dereva. "Kuna jambo hamlijui. Huyu mchapaji mimi namfahamu. Mwaka juzi nili..."

Mchapaji aliinua uso. Alimtazama tu dereva, mtu ambaye hajawahi kumwona maishani mwake, kisha akamtazama Mama Mwiko, na karatasi ikaanza kupigapiga kwenye goti lake.

"Baba watoto, nyamaza," alisema Mama Mwiko.

"Mke wangu, niache nimalizie."

"Nyamaza, nakuomba." Alisimama. Hakujua kwa nini alisimama. Labda kwa sababu kazi zake zote alizifanya akiwa amesimama. "Karatasi haikubadilishwa. Ni hiyo hiyo. Mkwe alinipa, akaniambia nisome taratibu, akanipa na miwani. Ila mimi sijui kusoma."

Wifi mtu alicheka kidogo, akidhani ni mafumbo. Alipoona hakuna mwingine anayecheka akafunga mdomo.

"Sijui kusoma hata neno. Nyumbani kwetu walisoma kaka zangu, mimi nikabaki kulea wadogo. Najua kuchora jina langu, amenifundisha huyu. Nilipoulizwa Alhamisi nikaona aibu, nikasema uongo, na uongo ukaenda kumwangukia mtu ambaye hajanikosea." Akamgeukia mchapaji. "Nisamehe, mwanangu. Kadi mpya nitazilipa mimi, na wale watu wa vyeti nitakwenda kuwaambia kwa mdomo wangu, shuleni kwao nawajua."

Mchapaji akaitikia kwa kichwa.

"Ripoti zangu," alisema binti. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila mwisho wa muhula ulikuwa unaishika ripoti, unaitazama weee, halafu unasema 'hapa umelegea', au unasema 'hongera'. Na hukuwahi kukosea."

"Nilikuwa nakutazama wewe uso."

Binti alisimama, akapita katikati ya watu, akatoka nje. Mlango wa nyuma ukasikika ukijibamiza. Bwana harusi akanyanyuka kumfuata, lakini Mama Mwiko akamzuia kwa mkono na kwenda mwenyewe.

Alimkuta uani, amekaa kwenye ukingo wa karo la kufulia, akijifuta pua kwa kiganja kama alipokuwa mtoto.

"Ningekufundisha," alisema binti bila kugeuka. "Mimi nafundisha wagonjwa kusoma vipimo vya dawa, mama. Watu nisiowajua. Na wewe unaishi na mimi nyumba moja unanificha."

"Ulikuwa unaniangalia kama mtu anayejua kila kitu. Niliogopa utaacha."

"Na leo?"

"Leo sijui. Niangalie, uniambie."

Binti hakumwangalia. Lakini alisogea kidogo pale ukingoni, akaacha nafasi, na mama yake akakaa. Walikaa hivyo mpaka kuku wa jirani akapita, akawachungulia wote wawili, akaenda zake.


Waliporudi ndani, wifi mtu alikuwa amenyamaza, jambo ambalo kila mmoja aliliona na hakuna aliyelitaja. Mwalimu alikuwa amehamia kwenye kochi. Alikuwa ametoa daftari na kalamu, na macho yake yalikuwa na maji.

"Mkwe," alisema, "mimi nimefundisha watoto wa watu kusoma tangu nikiwa msichana. Siku ile umekaa mbele yangu na karatasi, sikuona. Nilikuwa nimejawa na kadi tu." Akafungua ukurasa mpya. "Njoo ukae hapa. Utasema wewe, nitaandika mimi."

"Niseme nini? Mimi sijui maneno ya kadi."

"Sema unavyowaambia watu."

Mama Mwiko alimtazama mumewe. Dereva aliinua mabega, kama mtu aliyevua mzigo na bado hajaamini. Basi akakaa, akaweka mikono magotini, akasema polepole, akingoja kalamu imfikie:

"Watoto wetu wawili wamependana. Sisi wazazi wao wanne tumeridhia. Tunakuomba uje tufurahi pamoja. Na ukija, uje na njaa."

Kalamu ilisimama. "'Uje na njaa', hilo nalo niandike?"

"Liandike. Mimi ni mpishi."

Bwana harusi aliangua kicheko, akajaribu kukizuia, kikamtoka puani. Bibi harusi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Na majina?" wifi mtu hakuweza kuvumilia. "Lipi linatangulia?"

Mwalimu hakumjibu yeye. Alimuuliza Mama Mwiko, "Jina lako kamili, mkwe, unaitwa nani?"

Alilitaja lote, lake na la baba yake, kwa sauti iliyomtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mwalimu akaliandika mstari wa kwanza. Kisha akaandika la dereva, kisha la mumewe, kisha lake mwenyewe mwishoni, akachana ukurasa na kumpa mchapaji, aliyeukunja kwa uangalifu na kuuweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Wifi mtu aliondoka mapema siku hiyo, akisema ana mapazia ya kumalizia. Alimwimba Mama Mwiko mtaani, ndiyo, kama dereva alivyoogopa. Kwa wiki nzima kuna wanawake walionyamaza akipita. Na binti yake alikaa siku nne bila kusema naye zaidi ya salamu na chakula. Siku ya tano aliacha daftari jipya na penseli juu ya meza ya jikoni, akaenda zamu.


Kadi mpya zilitoka. Jumatatu ya wiki iliyofuata Mama Mwiko alikwenda nazo kazini ndani ya mfuko wa khanga, na saa ya mapumziko, masufuria yakipoa, akamkabidhi ya kwanza mtunza stoo, mwanamke mnene aliyefanya naye kazi tangu siku ya kwanza.

"Hee! Kumbe ndiyo imefika!" Mtunza stoo alifuta mikono kwenye aproni, akaigeuzageuza, akamrudishia. "Tusomee basi, mwenye shughuli, sote tusikie."

Wasaidizi wawili wa jikoni waliacha kumenya vitunguu, wakasogea. Mama Mwiko alihisi joto likimpanda shingoni, lile lile la miaka yote.

"Sijui kusoma," alisema. "Soma wewe, nami nisikie."

Mtunza stoo akaichukua kadi, akainyoosha mbali na uso wake, akasoma. Alisoma watoto wawili, akasoma wazazi wanne, akacheka penye njaa. Akayasoma majina, moja baada ya jingine, akamaliza na tarehe na ukumbi.

"Rudia," alisema Mama Mwiko.

"Yote?"

"Hapana. Hapo penye jina langu."